Nyumba ya Mlango Mmoja

Mume wangu alirudi kazini kofia ikiwa upande, nikajua kabla hajafungua mdomo kuwa kuna jambo limemfurahisha. Alikuwa seremala wa serikali pale Mbeya, mtu wa maneno machache, na mara nyingi kofia ndiyo iliyomsemea.

"Funga vyombo," akasema. "Tunahamia nyumba ya simenti."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Tulikuwa tumeoana karibuni, tumeshuka kutoka milima ya Rungwe, tukapanga chumba katika mtaa wa zamani nyuma ya soko. Nyumba za mtaa ule zilikuwa za udongo, paa za nyasi, nyingine zimeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa, na kila moja ilikaa ilivyotaka yenyewe. Ukitaka kwenda kwa jirani ulipita uani kwa mtu mwingine, ukasalimu, ukapewa kiazi, ukaendelea. Wakubwa wa serikali waliuchukia mtaa ule. Walisema una panya, una moshi, tena hauna mstari. Hilo la mstari ndilo lililowauma zaidi. Walitaka waubomoe, pale pajengwe maduka, na sisi tuhamie ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko ambao upepo haupumziki, katika nyumba mpya zitakazosimama kama askari wa gwaride.

Mtaa mzima ukakataa. Wengine walikataa kwa sababu ya upepo, wengine kwa sababu ya umbali wa soko, na wengine walikataa tu kwa kuwa hawakuulizwa. Kila bwana wa ramani alipokuja na kamba zake kupima, watu walimkaribisha, wakampa kigoda, wakamwambia mambo ya uongo kuhusu mipaka yao mpaka akaondoka kichwa kinamuuma. Alikuwa Mwingereza kijana, masikio mekundu kwa baridi, mwenye adabu nyingi. Sisi tulimwita bwana wa kamba. Sidhani kama kulikuwa na mtu aliyemchukia. Tulichukia kamba.

Basi alipoona maneno hayasaidii, akajenga nyumba moja ya mfano kule mteremkoni ili watu waione na kuitamani. Ilihitaji watu wa kukaa ndani, mke na mume, vijana, wasafi, waumini, mume awe na kazi. Mume wangu ndiye aliyetengeneza madirisha ya nyumba hiyo. Wakamchagua yeye.

Mimi nilifurahi kwa siri. Nasema kwa siri kwa sababu mtaani kiongozi wa upinzani alikuwa mtu niliyemwogopa kuliko Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya. Alikuwa bibi mmoja mpika pombe aliyefika Mbeya kutoka Chunya dhahabu ilipopungua kule. Kabila lake hakuna aliyelijua kwa hakika. Ukimuuliza leo, Mnyamwezi. Ukimuuliza kesho, Mmanyema. Alikuwa mnene, anacheka kwa tumbo, na alikuwa na jicho moja lililolegea ambalo alilitumia kumtazama mtu aliyemtilia shaka. Katika nyumba mpya ilikuwa marufuku kupika pombe, kwa hiyo chuki yake kwa nyumba mpya haikuhitaji maelezo.

"Kwa hiyo umetuuza," akaniambia siku tuliyobeba vyombo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetuuza kwa bati."

Nilibeba godoro langu nikaenda.

Sasa niseme ukweli juu ya ile nyumba. Sakafu yake! Mtu aliyelelewa kwenye sakafu ya udongo, akapaka kinyesi cha ng'ombe kila wiki na kutoa funza vidoleni kwa pini, huyo ndiye atakayenielewa. Siku ya kwanza nilivua viatu nikatembea tu, huku na huku, nasikiliza nyayo zangu. Mvua ilinyesha jioni na hakuna tone lililoingia. Nilikaa katikati ya chumba nikaitazama dari kama mtu aliyeko kanisani.

Lakini nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Vyumba viwili, jiko dogo ndani pembeni mwa mlango, dirisha moja kila chumba, na mlango mmoja tu unaotazama barabara. Bwana wa kamba aliupenda mlango ule. Alisema mtu akiingia na kutoka kwa njia moja, nyumba inakuwa salama na usafi unasimamika.

Hapo ndipo lazima nieleze jambo la kwetu. Kwa Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Ukimsikia anakuja, unajificha. Mkikutana njiani, unaingia porini au unajifunika nguo uso mzima na kumpa mgongo hadi apite. Humtazami, huli naye, hulitaji jina lake, wala hutaji neno linalofanana na jina lake. Wasichana wa milimani tunalijua hilo kabla hatujajua kusuka. Kule nyumbani ni rahisi, kwani nyumba zimezungukwa na migomba. Mzee akikohoa tu, wewe umeshapotea majanini. Hata kwenye mtaa wa zamani nilikuwa na uchochoro wa uani. Na baba mkwe wangu alikuwa muungwana, alianza kukohoa akiwa bado mbali sana.

Balaa langu lilikuwa kwamba jina lake lilikaribiana mno na neno tunalolitumia kwa lugha yetu kuuita mlango. Kwa Kiswahili ningeweza kulitamka bila kosa. Lakini mama mkwe alinifunza kwa ukali kiasi kwamba ulimi wangu ulikataa hata kwa Kiswahili. Leo nalitamka, lakini miaka yote hiyo nilisema "pale pa kupitia".

Hatukuwa tumemaliza kupanga vyombo vizuri nikasikia kikohozi; vile vya mbali upepo ulikuwa umevimeza.

Baba mkwe alikuwa amekuja na basi kutoka Tukuyu, kama alivyozoea kila alipouza kahawa yake, na mkungu wa ndizi begani. Nilikuwa jikoni, maharage yako motoni. Nilikimbilia pale pa kupitia, nikaona kivuli chake kimeshafika kwenye ngazi. Nikageuka, nikaingia chumbani, nikajisukuma chini ya kitanda.

Alibisha hodi kwa adabu, hakuna aliyejibu, akaingia akakaa kwenye kiti akitazama nje, akimngojea mwanawe. Mume wangu alikuwa kazini, harudi hadi jioni. Kati ya chumba na sebule kulikuwa na pazia tu. Nilimsikia akihema, akijikuna, akiisifu sakafu peke yake kwa sauti ya chini. Halafu nikasikia harufu.

Na yeye akaisikia. Akakohoa mara nyingi. Mwishowe akaiambia hewa, "Kama ndani ya nyumba hii kungekuwa na mtu, na mimi sisemi kwamba yupo, mtu huyo angeambiwa kwamba maharage yanaungua."

Nikauma kidole nisicheke.

Alingoja. Maharage yakazidi kuungua. Nikasikia kiti kinalia, hatua zinaelekea jikoni, sufuria inaepuliwa, na mtu mzima, mzee wa kanisa, anatukana kidogo kwa kuunguza vidole. Kisha akatoka nje akaenda mbali kabisa, akakaa juu ya jiwe, akanipa mgongo, akakaa hivyo hivyo upepo unampiga hadi mwanawe aliporudi. Nilipotoka chini ya kitanda nilikuwa na vumbi la simenti hata kwenye kope.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji kijitoni. Bibi wa Chunya alikuwepo, anaosha vyungu vyake. Hakutaka kunisalimia, lakini mimi nilikuwa na hadithi ya kusema na hakukuwa na mtu mwingine. Nikamsimulia yote, kitanda, maharage, hewa iliyoambiwa. Alicheka mpaka akakaa majini. Halafu ghafla lile jicho lake lililolegea likafunguka.

"Hebu rudia hapo," akasema. "Mlango mmoja, na mkwe yuko mlangoni. Unatokea wapi?"

"Sitokei, bibi."

"Na hiyo ni mila ya kweli? Hata Bwana Shauri anaijua?"

"Anayekaa na Wanyakyusa asiijue ni nani?"

Akainuka, nguo zinachuruzika maji. "Mwanangu," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu nihame, "wewe hukutuuza. Wewe umeingia ndani kupeleleza."

Wiki ile mtaa wa zamani ulibadilika kabila. Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa imetangazwa kwamba Jumamosi watu wote waende kuitazama nyumba ya mfano, na Bwana Shauri mwenyewe angekuwepo. Bibi wa Chunya akapita nyumba kwa nyumba akiwafundisha wanawake kujificha. Wabena, Wasafwa, Wasangu, Wahehe, hata mama mmoja wa Kiyao aliyeolewa na yatima asiye na baba wala babu, wote walifundishwa kutupa kanga usoni, kuinama, kukimbilia mtaroni. Kila mmoja akachaguliwa mkwe. Wazee wa mtaa waligawanywa kama nyama ya arusi. Mzee mmoja kinyozi alilalamika kwamba amepewa wakamwana wengi mno na hataweza kuwakumbuka.

"Si lazima uwakumbuke," bibi akamwambia. "Wewe tembea tu. Wao watakukimbia."

Mimi nilikatazwa kujifunza lolote. "Wewe unajua tayari," akasema. "Wewe fanya kazi yako ya kuwa msafi."

Jumamosi ilikuwa na ukungu asubuhi, kisha jua likatoka kali kama linavyotoka Mbeya baada ya ukungu. Bwana wa kamba alikuja amechana nywele kwa maji. Bwana Shauri alifuata, mtu mzima mwenye masharubu ya kijivu, na pamoja nao karani wa kutafsiri, kijana wa Kihehe kutoka Iringa, nadhifu, kola ngumu, uso usioonyesha kitu. Watu wakaanza kupanda mteremko kutoka mtaani. Mimi nilisimama kwenye ngazi na gauni langu la kanisani, nikaona yote.

Kinyozi akatokea kwenye kona. Wanawake waliokuwa mbele yake wakapiga yowe, wakajifunika, wakatawanyika. Mmoja akaingia kwenye shimo la choo walilolichimba mafundi. Mzee mwingine akatokea upande wa pili, na kundi lililokuwa limejificha likafumuka tena, likakimbia njia ile ile waliyotokea wenzao, wakagongana. Bwana wa kamba alikuwa ameandaa hotuba kuhusu barabara iliyonyooka. Alisimama katikati ya barabara iliyonyooka, wanawake wakimpita mbio kushoto na kulia.

"Kuna nini?" akamuuliza karani.

"Wakwe, bwana," karani akajibu.

"Wote?"

"Barabara imenyooka, bwana. Kila mtu anamwona kila mtu."

Hapo bibi wa Chunya naye akafika, anatweta. Alipomwona karani alisimama, akashika kifua, akajitupia kanga kichwani na kuanguka nyuma ya tanuru la matofali kwa kishindo.

"Na huyu je?" akauliza Bwana Shauri, ambaye alikuwa ameishi nchini miaka mingi.

Karani akazungumza na tanuru kidogo, kisha akarudi. "Anasema mimi ni mkwe wake, bwana."

"Ni kweli?"

Karani akafikiri. "Ndiyo kwanza nimeambiwa."

Uso wake haukutikisika. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba usiku ule alicheka nyumbani kwake mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Mimi pale nililazimika kugeuka na kujidai natazama chai.

Bwana Shauri akaingia ndani kuitazama nyumba, akasema angependa kikombe. Nikamwekea maziwa. Akaisifu sakafu, nikamshukuru. Nilikuwa najisikia bibi wa nyumba hasa, nimeshika birika, ninatabasamu, nje wenzangu wanaruka mitaro.

Kisha nikasikia kikohozi nilichokijua.

Hakuna aliyemwalika baba mkwe. Bibi hakumpanga. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, akaona watu wanapanda kwa mwanawe kwa wingi, akadhani kuna msiba, akaja mbio, mkungu wa ndizi begani. Kwa sababu ya mbio hakukohoa mapema. Alipokohoa alikuwa ameshakanyaga ngazi.

Birika sijui nililiweka wapi. Mume wangu alisema baadaye kwamba nilimpa Bwana Shauri alishike. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba pale pa kupitia pamezibwa na mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Nikaingia chumbani, nikatazama kitanda, na chini ya kitanda kulikuwa kumejaa vyombo tulivyoficha ili nyumba ionekane safi. Likabaki dirisha.

Dirisha hilo alilitengeneza mume wangu kwa mikono yake, akalisifu kwa wiki nzima kwamba limekaza kila upande. Lilikuwa limekaza. Kichwa kilipita, mabega yakapita kwa kujipinda, kisha nikafika kiunoni na safari ikaishia hapo. Gauni la kanisani lilishikwa na komeo. Mbele yangu mtaa wote ulikuwa umesimama. Nyuma yangu Bwana Shauri alikuwa ameinua pazia, birika mkononi.

Hata upepo nadhani ulingoja.

Kisha wakaanza. Wengine walicheka, wengine walipiga vigelegele, na bibi wa Chunya alitoka nyuma ya tanuru, akasahau kabisa kuwa karani ni mkwe wake, akaja kunitazama kwa karibu kwa mapenzi makubwa. "Mwanangu," akaninong'oneza, "hili sikukufundisha. Hili umezidi."

"Bibi, nitoe."

"Ngoja kwanza waone vizuri."

Kwa sababu ya kelele hizo baba mkwe akatoka ndani, akazunguka nyumba kuona kuna nini. Nikageuza kichwa, tukatazamana. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wake. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi na macho ya mume wangu yaleyale. Ilikuwa ni pumzi moja tu. Akainua mkungu wa ndizi akaufunika uso wake, akasimama wima, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mimi nimeona dirisha."

Akageuka akaondoka hivyo hivyo, ndizi usoni, akijikwaa kwenye mawe hadi barabarani.

Mume wangu alilazimika kuleta bisibisi na kuing'oa fremu yake mwenyewe mbele ya mabwana zake. Kofia ilikuwa imenyooka kabisa kichwani, na hiyo kwake ilikuwa dalili mbaya. Nilipotua chini nililia, kweli nililia, sio mchezo. Wenzangu walicheza, mimi nilikuwa nimeonwa. Kosa kama lile kwetu linatengenezwa kwa kuku na maneno ya wazee, na likatengenezwa, na baba mkwe mwenyewe alituma salamu kwamba nisijisumbue sana, dirisha ni dirisha. Lakini siku ile sikuweza kula.

Bwana Shauri akaitisha mkutano siku chache baadaye pale uwanjani karibu na soko. Bwana wa kamba alikuja na mchungaji mmoja wa kwetu, mtu aliyeheshimika sana, ili aseme kwamba mambo ya kukimbia wakwe yamepitwa na wakati kwa Wakristo. Mchungaji akasimama, akafungua mikono.

"Waumini tumeacha giza hilo," akasema. "Nyumbani kwangu tunakaa mezani pamoja, mimi, wanangu na wake zao, bila hofu..."

Akanyoosha mkono kuelekea watu, na bila kukusudia akawa amewaelekeza wote kwa mke wa mwanawe mkubwa, aliyekuwa ametoka sokoni na kapu la nyanya kichwani na hakujua kuna mkutano. Yule mwanamke akaachia kapu, akajifunika, akapiga mbio. Nyanya zikatawanyika mpaka miguuni kwa Bwana Shauri. Hakuna aliyempanga, naapa. Hata bibi wa Chunya alishangaa. Mchungaji alishusha mikono polepole, akasema mkutano umwie radhi, akaketi.

Ndipo wakaniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimekaa katika nyumba yenyewe. Bibi aliniminya mkono. Tulikuwa tumeshapatana niseme nyumba haifai, watu wabaki mtaani kwao, basi. Nikasimama mbele ya watu wote. Nikaiona akilini ile sakafu.

"Unataka nini kibadilike?" bwana wa kamba akauliza kwa upole, karani akatafsiri. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko siku zote, nikamwonea huruma.

"Nyumba ni nzuri," nikasema. Nyuma yangu nikasikia bibi akivuta pumzi. "Sakafu nzuri, bati zuri. Tunataka tu pa kupitia pengine."

"Pa kupitia? Barabara nyingine?"

"Hapana. Hapo ukutani. Kama pale pa kwanza, lakini nyuma."

"Dirisha kubwa?"

Watu wakacheka. "Si dirisha!" nikasema. "Dirisha basi. Ni kile... kitu cha mbao. Kinafunguka, unapita umesimama, kinafungwa. Pale mbele kipo kimoja."

"Kabati?"

Naye mume wangu, aliyekitengeneza kitu hicho kwa mikono yake, alikuwa amekaa mstari wa mbele, na wala hakunisaidia. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ananilipizia lile dirisha. Ikabidi karani aokoe jahazi. Alisikiliza minong'ono ya watu wa mbele, akainamia sikio la Bwana Shauri, akanong'ona, na nadhani alimweleza hata habari ya jina la baba mkwe, kwa sababu Bwana Shauri alitoa kitambaa akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

"Mlango wa nyuma," hatimaye akasema. "Kila nyumba. Na jiko liwe nje."

Bwana wa kamba akafungua ramani yake juu ya magoti, akaanza kuchora palepale.

Bibi wa Chunya alinifuata mpaka kijitoni. "Nilikutuma ukaikatae nyumba," akasema. "Wewe umeenda kuitengeneza."

"Bibi, wewe hujatembea juu ya ile sakafu bila viatu."

"Na sitatembea."

"Njoo ujaribu. Mara moja tu, kisha unitukane."

Alikuja, akiwa amenuna. Akavua viatu. Akatembea kutoka ukutani hadi ukutani, tumbo mbele, mikono nyuma kama Bwana Shauri. Akarudi. Hakunitukana. Aliuliza tu huo mlango wa nyuma utatazama wapi, na nilipomwonyesha vichaka na njia ya kwenda kijitoni, alivitazama vichaka vile kwa muda.

Mtaa wa zamani ulibomolewa baada ya mvua. Sitasema ilikuwa furaha. Wazee wengine walikataa hadi nyasi zilipotolewa juu ya vichwa vyao, na kinyozi alirudi kwao Usangu badala ya kuhama. Lakini wa kwanza kuvuka kijito na vyombo vyake alikuwa bibi wa Chunya, yule aliyeapa kwa kila kilicho kitakatifu na kisicho kwamba hatahama. Alichagua nyumba ya mwisho kabisa, karibu na vichaka. Askari wa mji walipogonga mbele kutafuta pombe, wanywaji walikuwa wameshatoka nyuma, na yeye alifungua polepole, amejifunga kanga, anauliza kwa unyenyekevu wanangu mna shida gani.

Baba mkwe alikuja mara nyingi. Alikaa kwenye ngazi ya mbele, mimi nyuma kwenye jiko la nje, nyumba nzima katikati yetu, na milango yote miwili wazi. Tulizungumza vizuri sana kwa njia hiyo. Yeye aliiambia hewa habari za kahawa na za mama mkwe, mimi nikaiambia sufuria habari za mji. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, alimpokea kutoka kwa mume wangu pale mbele, nikamsikia akimwimbia.

Kisha likapita gari la serikali lenye kipaza sauti, likatangaza kwamba milango ya nyuma itazibwa yote kwa ajili ya pombe, na kwamba Jumamosi kutakuwa na mkutano. Bibi wa Chunya alifika kwangu gari halijamaliza hata mtaa.

"Mwanangu," akasema, "baba mkwe wako hajambo?"

"Hajambo, bibi. Yuko kwake milimani."

"Mtumie salamu. Mwambie tunamhitaji Jumamosi."

Nikampa salamu dereva wa basi la Tukuyu. Baba mkwe akaja mapema, amevaa koti lake la kanisani, akakohoa kuanzia stendi. Sijui kama alijua anafanya nini, lakini alitembea mtaa mzima taratibu mbele ya wakubwa, mara mbili, kwenda na kurudi, na wanawake walimkimbia kwa heshima kubwa ambayo hakupata kuiona hata kwao. Milango haikuzibwa.

Sisi tulihamishiwa Iringa muda mfupi baadaye, mume wangu alipopewa usimamizi wa karakana kule. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mlango mmoja. Sikulalamika, maana baba mkwe alikuwa amechoka, safari ya mbali hivyo hakuiweza tena. Lakini kwa wiki za mwanzo nilijikuta kila asubuhi nazunguka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani, nimenyoosha mkono mbele ya ukuta, na jirani yangu Mhehe ananiuliza kutoka uani kwake nimepoteza nini.